Hatua Moja Juu ya Bikoni: Kisa cha Wawindaji wa Missouri na Ranchi ya Elk Mountain

Huko Marekani, majirani wakigombana katika msimu wa kuwinda kulungu, ugomvi mara nyingi huanzia mpakani. Mtu kajenga kilindo chake hatua chache tu kutoka uzio wa mwenzake. Mnyama kapigwa risasi huku, kaenda kufia kule. Gari limeegeshwa alfajiri mbele ya geti la watu. Mengi ya haya huishia hapohapo, kwa maneno makali au kwa paja la nyama lililotumwa kuomba radhi. Kisa ninachokichambua hapa nacho kilianza mpakani, tena penye nukta moja ya mpaka, lakini kilipanda ngazi za mahakama hadi kubisha hodi kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani. Nitasema mapema ninakoegemea: wawindaji walikuwa na haki, na kilichowasaidia kuipata ni jinsi walivyojichunga kwenye mpaka wa mtu.

Mlima Elk uko kusini mwa jimbo la Wyoming, katika wilaya ya Carbon, kando ya barabara kuu inayounganisha Laramie na Rawlins. Unainuka kutoka uwanda mkavu hadi zaidi ya mita 3,400. Wapiti wanaupenda. Wapiti ni wa jamii ya kulungu, ila ni mkubwa sana; dume lililokomaa huweza kuzidi kilo 300, na pembe zake ndizo zinazowatoa watu majimbo ya mbali kuja kujaribu bahati. Eneo hilo limezungukwa na Ranchi ya Elk Mountain, yenye ukubwa wa takriban maili za mraba 50, mali ya kampuni iitwayo Iron Bar Holdings. Mwenye kampuni ni Fred Eshelman, mfanyabiashara wa dawa kutoka North Carolina.

Tatizo ni kwamba ndani ya ranchi hiyo vimo vipande vingi vya ardhi visivyo vyake. Ni vya umma, vinasimamiwa na serikali ya shirikisho, na raia yeyote mwenye leseni ana ruhusa ya kuwinda humo. Akifika.

Ardhi iliyokatwa miraba

Ili kuelewa ilikuwaje ardhi ya umma ikajikuta tumboni mwa ranchi ya mtu, turudi mwaka 1862. Bunge la Marekani lilitaka reli ifike magharibi, nayo nchi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Fedha taslimu zilikuwa adimu, ardhi ilikuwa tele. Ardhi ambayo Waarapaho, Wacheyenne na Washoshoni walikuwa wakiwinda zamani, kabla mpima yeyote hajaikanyaga, na ambao katika mgao huu hawakuulizwa. Ikapimwa vipande vya maili moja kwa maili moja, kila kimoja ekari 640. Kampuni ya reli ya Union Pacific ikapewa vipande vya namba witiri pande zote mbili za njia, serikali ikabaki na vya namba shufwa. Mwaka 1864 ukanda huo ukapanuliwa hadi maili 20 kila upande. Serikali ilipiga hesabu kwamba reli ikishapita, vipande vilivyobaki mikononi mwake vitapanda bei na kufidia vilivyotolewa bure.

Reli ilijengwa. Kampuni ikauza vipande vyake kwa wafugaji, na wafugaji wakauziana wao kwa wao. Lakini ule mkato ulibaki, na ukiutazama kwenye ramani leo unaona ubao wa drafti mtupu. Kila aliyewahi kukaa kijiweni anaijua sheria ya kete: haikanyagi miraba ya rangi nyingine, hutoka mraba wa rangi yake hadi mwingine kwa kupitia kona. Wawindaji wa Wyoming walifanya vivyo hivyo kwa miguu. Unasimama kwenye kipande cha umma, unatafuta bikoni ya wapima ardhi pale pembe nne zinapokutana, unainua mguu, unautua kwenye kipande cha umma cha upande wa pili. Hujakanyaga hata punje moja ya mchanga wa mtu.

Jambo hili si dogo. Kampuni ya ramani za simu ya onX ilikadiria mwaka 2022 kwamba katika majimbo ya magharibi kuna ekari milioni 8.3 za umma ambazo njia pekee ya kuzifikia ni kona za namna hii. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwa uhakika kama kuvuka hivyo ni kosa. Mwaka 2004 mwanasheria mkuu wa Wyoming alitoa maoni kwamba mtu anayevuka kona ili awinde kwenye ardhi ya umma huenda asiwe amevunja sheria ya uwindaji, lakini akaacha mlango wazi kwa shtaka la kawaida la kuingia kwa jinai kwenye ardhi ya mtu. Watu wakabaki kubahatisha: askari mmoja anakuacha upite, mwingine anakuandikia kosa.

Yaliyotokea

Mwaka 2020 wawindaji watatu kutoka Missouri, wakiwa na leseni halali, walifika kwenye kona mojawapo. Walikuta nguzo mbili za chuma zimesimikwa pembeni mwa bikoni, kila moja kwenye kipande cha ranchi, zimeunganishwa kwa mnyororo uliopita juu kabisa ya nukta ya kona na kufungwa kwa kufuli. Kulikuwa na mabango ya kukataza kuingia. Uzio wenyewe haukuwapo hapo karibu. Nguzo mbili, mnyororo, kufuli, na uwanda mtupu pande zote. Walishika nguzo, wakazunguka nazo mmoja mmoja, mguu ukitoka kwenye ardhi ya umma na kutua kwenye ardhi ya umma. Wakaendelea kuwinda.

Mwaka 2021 walirudi, sasa wakiwa wanne, na safari hii walibeba ngazi ya chuma. Waliifungua juu ya kona, miguu miwili ya ngazi huku na miwili kule, wakapanda upande mmoja na kuteremka upande wa pili bila kugusa nguzo wala mnyororo. Meneja wa ranchi aliita askari. Mwishowe wote wanne wakashtakiwa kwa kuingia kwa jinai, na Aprili 2022 kesi ikasikilizwa Rawlins mbele ya baraza la raia wa kawaida wa wilaya hiyo, ambao ndio huamua kama mshtakiwa ana hatia. Wilaya ya Carbon ni ya wafugaji, watu wanaojua thamani ya uzio, lakini baraza lao likawaona washtakiwa hawana hatia.

Mwenye ranchi hakungoja hukumu hiyo. Alikuwa amekwisha fungua kesi ya madai, akidai kwamba kuvukwa kwa kona zake kumeipunguzia ranchi thamani kwa zaidi ya dola milioni 7. Tawi la Wyoming la chama cha Backcountry Hunters & Anglers likachangisha fedha za kuwatetea wawindaji; vyama vya wafugaji wa ng'ombe na kondoo vya jimbo vikasimama na mwenye ranchi. Mei 2023 Jaji Scott Skavdahl wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba wawindaji hawakukosea. Tarehe 18 Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi, mahakama ya shirikisho inayosikiliza rufaa za kundi la majimbo, Wyoming ikiwamo, ikaunga mkono, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Timothy Tymkovich.

Hoja ya anga

Hoja kubwa ya mwenye ranchi ilikuwa hii: anayemiliki ardhi anamiliki pia anga iliyo juu yake kwa kiasi cha matumizi ya kawaida. Kona ni nukta, haina upana. Mwili wa mtu una upana. Kwa hiyo mguu hata ukitua mahali halali, bega na mkoba lazima vitapita juu ya ardhi ya jirani. Ni hoja nzito kuliko watu wanavyoipokea wakiisikia mara ya kwanza, na Mahakama ya Rufaa haikuitupa. Ilikubali kwamba kwa sheria ya Wyoming peke yake, kupita hivyo kwenye anga ya mtu ni kuingia bila ruhusa.

Kilichobadilisha mambo ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1885 inayokataza kuizingira ardhi ya umma. Ilitungwa wakati matajiri wa ng'ombe walipokuwa wakizungushia nyaya malisho ya taifa na kuwafukuza walowezi na wafugaji wadogo. Matajiri wale hawakukosa ujanja. Huko Colorado, Camfield na mwenzake walijenga uzio wao wote juu ya vipande vyao wenyewe vya namba witiri, wakiruka kona kwa ustadi, na bado wakafanikiwa kufungia ndani takriban ekari 20,000 za umma. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu iliamuru uzio huo ubomolewe. Ukiwa na haki ya kujenga kwenye ardhi yako huna haki ya kutumia ujenzi huo kumnyang'anya jirani matumizi ya ardhi yake, na jirani huyo ni taifa zima.

Mwenye ranchi alitegemea kesi nyingine, ya mwaka 1979, iliyohusu kampuni ya kondoo ya Leo. Hiyo nayo ilitoka wilaya hiihii ya Carbon: serikali ilikata barabara kupita kwenye kona ili watu wafike bwawa la Seminoe, na Mahakama ya Juu ikasema serikali haikujibakizia njia ya kupita ilipoigawa ardhi mwaka 1862. Mawakili wa ranchi walisema basi imekwisha. Lakini barabara ni udongo uliochimbwa na magari yanayopita juu ya ardhi ya mtu. Hapa hakuna aliyeomba barabara. Tena wilaya hiyohiyo ilitoa kesi ya tatu, ya mwaka 1988, ya mfugaji aliyejenga uzio wa maili 28 uliowazuia swala wa Marekani, aina iitwayo pronghorn, kufika malisho yao ya baridi kwenye ardhi ya umma. Aliamriwa auondoe au aurekebishe. Ikiwa sheria ya 1885 inamlinda swala anayekwenda kutafuta majani, ni vigumu kuona jinsi isivyomlinda raia.

Ndivyo mahakama ilivyoamua: nguzo, mnyororo, mabango na vitisho vya kushtaki, vikiwekwa pamoja ili kumzuia mtu asiifikie ardhi ya umma, vinafanya kazi ileile ya uzio wa Camfield. Sheria ya jimbo kuhusu anga haiwezi kutumika kufanya kile ambacho sheria ya taifa imekataza.

Adabu iliyogeuka kuwa ushahidi

Hapa ndipo napenda kukaa zaidi, kwa sababu wengi waliosherehekea hukumu hii hawakuangalia imefungwa wapi. Mahakama haikusema kwamba ardhi ya umma ikiwa nyuma ya ranchi unaweza kukatiza ranchi. Ilisema kwamba mtu anayevuka kwa mguu, kwenye kona halisi, bila kugusa ardhi ya mtu wala kuiharibu, hawezi kuadhibiwa. Kila neno hapo lilitokana na jinsi wale watu walivyojiendesha. Hawakukadiria kwa macho, walitafuta bikoni. Hawakuingiza gari wala pikipiki. Hawakukata mnyororo, ingawa ulikuwa juu ya njia yao. Wangekatiza mita ishirini tu kwenye pembe ya ranchi ili kukwepa zile nguzo, wangekuwa wavamizi wa kawaida, wangelipa, na ardhi ile ya umma ingebaki imefungwa.

Hata ilikaribia kuwa hivyo. Katika kesi ya madai mwenye ranchi alidai pia kwamba alama moja iliyokutwa kwenye ramani ya simu ya mwindaji mmoja inaonyesha aliingia ndani ya ranchi, mahali pengine kabisa pasipo kona. Jaji Skavdahl hakulimaliza dai hilo pamoja na mengine; aliliacha lisikilizwe kwa ushahidi. Baadaye mwenye ranchi mwenyewe aliliondoa. Lakini fikiria nukta moja kwenye simu, na miaka yote ya kesi ingeweza kugeukia huko. Mtu anayewinda jirani na ardhi ya wengine anapaswa kujua kwamba nyayo zake zinaweza kusomwa mahakamani.

Kuhusu ngazi, nimesikia wakisema ilikuwa dharau, kumpandia mtu ngazi juu ya kufuli lake. Mimi naiona kinyume. Mwaka wa kwanza walizigusa nguzo, ambazo ni mali ya mwingine. Mwaka wa pili walibeba chuma kizito nyikani ili wasiziguse. Aliyetaka kudharau angekuja na mkasi wa kukatia vyuma, ambao ni mwepesi zaidi.

Nguzo zile mbili ndizo zinazonisumbua. Uzio una kazi: kuzuia ng'ombe wasipotee. Nguzo mbili na mnyororo katikati ya uwanda hazimzuii ng'ombe hata mmoja. Zilikuwa ujumbe kwa binadamu, na ujumbe wenyewe haukuwa "hapa ni kwangu", kwa sababu pale katikati si kwake. Ulikuwa "na kule ng'ambo pia ni kama kwangu". Tena wapiti wenyewe si wake. Kwa sheria ya Wyoming wanyamapori wote ni mali ya jimbo, kama vile Tanzania, ambako Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inawaweka kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Mwenye ardhi anaweza kukukataza kuingia kwake. Hawezi kujifanya mwenye wanyama.

Hata hivyo hofu za mwenye ranchi sizipuuzi. Wanaoishi na kufanya kazi pale wapo mwaka mzima. Wawindaji huja siku chache na kuondoka. Geti likiachwa wazi, ni wao watakaotafuta ng'ombe usiku. Nyasi zikishika moto, ni wao watakaozima. Na si kila atakayekuja baada ya hukumu hii atakuwa na subira ya kutafuta bikoni. Lakini njia za kumaliza hofu hizo zilikuwapo kabla ya mnyororo. Idara ya Wanyamapori na Samaki ya Wyoming ina mpango uitwao Access Yes, ambao huwapa fedha wenye ardhi wanaokubali wawindaji waingie kwa masharti. Mwenye ardhi na serikali wanaweza pia kubadilishana vipande ili kila upande ubaki na ardhi iliyoungana. Na njia rahisi kuliko zote: kuweka alama inayoonekana kwenye kona, na kibao kinachosema vukia hapa na si kwingine. Jirani anayekuonyesha mahali pa kupita anajua utapita wapi.

Mnyama aliyejeruhiwa

Liko suala ambalo hukumu haikuligusa na ambalo litazaa ugomvi mwingi zaidi kuliko kona. Mwindaji amevuka kihalali, yuko kwenye kipande cha umma, anampiga dume la wapiti. Risasi imeingia vizuri, lakini mnyama wa kilo 300 hafi aliposimama. Anakimbia. Kipande kizima ni maili moja tu kwa maili moja, na pande zake zote nne zinapakana na ranchi. Damu inaongoza hadi mpakani na kuendelea.

Huko Minnesota sheria inamruhusu mwindaji aingie kwa miguu kwenye ardhi ya mtu kumchukua mnyama aliyempiga kihalali, kisha atoke mara moja. Wyoming haina ruhusa ya namna hiyo. Lazima mwenye ardhi akubali. Wakati huohuo sheria ya Wyoming inakataza kuacha nyama inayolika ioze. Mwindaji anabanwa katikati, na mtu pekee wa kumfungulia ni jirani yuleyule anayepingana naye kuhusu kona.

Ndiyo maana namba ya simu ya ranchi hutafutwa kabla ya msimu, si jioni damu ikiwa inakauka. Mnyama aliyesimama karibu na mpaka huachwa mpaka asogee ndani. Ukishabidi kuomba, bunduki ibaki kwenye gari, uende mlangoni mikono mitupu, useme ulipiga ukiwa wapi na damu imeelekea wapi, umwombe mwenyewe au mtu wake afuatane nawe. Akikataa, unampigia askari wa wanyamapori, ambaye huweza kumsihi. Huvuki. Na akikubali, unamrudia na nyama hata kama hakuomba.

Kwa upande wa mahakama, Iron Bar ilipeleka ombi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Oktoba 2025 majaji wakakataa kulisikiliza. Hukumu ya Machi ikabaki kuwa sheria katika majimbo sita ya Mzunguko wa Kumi: Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Montana, yenye kona nyingi za aina hii, iko chini ya mzunguko mwingine na hukumu hii haiifungi. Anayewinda huko na kuinua mguu juu ya bikoni hana ulinzi walioupata wale wa Missouri, na kwa sasa cha kufanya ni kubisha mlango na kuomba ruhusa.